Hospitali za Dar es Salaam na Mgawo wa Upepo

Majengo ya hospitali ya Dar es Salaam yalianza kujengwa katika miaka ya 1890, na tangu msingi wa kwanza yalipangwa kwa kufuata upepo. Mji huu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwenye pwani inayotawaliwa na pepo mbili za msimu: kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuja na joto zito, na kusi, inayoshika zamu baada ya hapo na kuupoza mji hadi karibu Septemba. Pamoja na pepo hizo kuna upepo wa kila siku utokao baharini, unaoamka nchi kavu ikishapata moto na kutulia usiku. Kwa mtu aliyelala na homa, chumba kinachopitisha upepo huo na chumba kisichoupitisha ni dunia mbili. Anayezifuata hospitali za mji huu kwa mpangilio wa miaka, kutoka ufukweni hadi Mloganzila, anakuta kwamba kila kizazi cha wajenzi kilikuwa na imani yake juu ya hewa. Wapo walioiona ni dawa, wapo walioitumia kutenga watu, na wapo walioifungia nje. Anakuta pia kwamba upepo wa baharini, ambao Mungu hakuuwekea mlango, uligawiwa kwa upendeleo.

Kabla ya ukoloni, pwani hii haikuwa na jengo lililotengwa kwa ajili ya kulaza wagonjwa. Mgonjwa aliuguzwa nyumbani. Mganga aliitwa au alifuatwa kwake, na kazi ya kulisha, kuogesha na kukesha ilikuwa ya ndugu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, aliacha kasri, nyumba za mawe na bandari tulivu alipofariki mwaka 1870. Hospitali haikuwamo, wala hakuna aliyeitarajia.

Nyumba za mawe zenyewe zilikuwa na mpaka wa kiufundi. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki kwa usalama nafasi inayozidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Chumba cha namna hiyo kinaifaa familia, lakini hakiwezi kupangwa vitanda safu mbili na kubakiza njia ya muuguzi katikati. Wodi kubwa ilihitaji mihimili ya chuma, na mihimili hiyo ilikuja kwa meli pamoja na wakubwa walioiagiza.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Berlin walifungua hospitali ndogo mjini mapema katika miaka hiyo, na serikali ikafuata kwa jengo ambalo hadi leo ndilo maarufu kuliko yote ya aina yake katika mji: hospitali ya ufukweni iliyokamilika mwaka 1897, ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni jengo refu la orofa mbili, lenye baraza pana, matao, na minara miwili yenye kuba. Wajerumani wa miaka hiyo walipenda kuazima matao na kuba za Waarabu kwa majengo yao ya serikali, na hapa waliazima kwa mkono mzuri. Anayelitazama kutoka upande wa bahari anaweza kudhani ni kasri la mfalme mdogo wa pwani. Lilikuwa la Wazungu peke yao.

Mpango wa jengo hilo ulitokana na mafundisho ya Ulaya ya katikati ya karne ya 19. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba maradhi huzaliwa na hewa chafu, mvuke wa vinamasi na pumzi za watu waliosongamana. Hospitali ya Lariboisière ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1854, ilijengwa kwa wodi ndefu zilizotenganishwa na bustani ili kila moja ipate hewa yake, na Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu hospitali, aliuhimiza mpango huo kwa nguvu zote: madirisha marefu pande mbili zinazotazamana, kitanda kati ya dirisha na dirisha, dari ya juu, na nafasi ya hewa ya kutosha kwa kila mgonjwa. Mafundisho hayo yalipohamia nchi za joto yaliongezewa baraza. Baraza ilizuia jua lisiuguse ukuta wa chumba, ikaacha madirisha yawe wazi hata wakati wa mvua, na ikampa mgonjwa aliyepata nafuu mahali pa kukaa nje.

Katika ufuko wa Dar es Salaam baraza ilitatua ugumu mmoja ambao ramani ya Ulaya haikuufikiria. Bahari iko mashariki, na upepo mzuri unatoka huko. Lakini jua la asubuhi linatoka hukohuko. Jengo linalotaka upepo linalazimika kulikabili jua. Baraza yenye kina inaupitisha upepo na kulizuia jua, na kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya jengo la Ocean Road iliyobuniwa kwa akili zaidi, kuliko hata kuba zinazopigwa picha. Wakazi wa pwani walilijua hilo siku nyingi. Baraza za nyumba zao zilikuwa zikifanya kazi hiyo kabla meli ya kwanza ya Wajerumani haijatia nanga.

Mwaka ambao hospitali hiyo ilikamilika una uzito wake katika historia ya tiba. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Hospitali iliyojengwa ili kuwakimbiza wagonjwa na hewa ya vinamasi ilifungua milango yake katika mwaka uleule ambao hewa ya vinamasi iliondolewa lawama. Daktari wa Kijerumani Robert Koch naye alifika Dar es Salaam mwaka huohuo, akafanya utafiti wa malaria na homa nyingine hadi mwaka 1898. Yeye alikuwa mtu wa hadubini na damu. Swali lake lilikuwa nani ana vimelea, na kuanzia mwaka 1901 mafundisho yake yaliongoza kampeni ya kuwapima damu wakazi wa mji na kuwapa kwinini. Hata hivyo, jengo halikuwa kosa. Baraza, dari ya juu na madirisha yanayotazamana vilibaki kuwa na manufaa kwa mgonjwa, ingawa sababu iliyovileta ilikuwa imeporomoka.

Hospitali ya pili ya miaka hiyo haina picha kwenye kadi za posta. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 na kutajirika Bagamoyo kwa kuiandalia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, alitoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wale ambao hospitali ya ufukweni haikuwapokea: Waafrika, Wahindi na Waarabu. Alifariki mwaka 1897, akiwa amekwisha kuiachia Bagamoyo shule ya watoto wa kila kabila. Hospitali yenye jina lake ilisimama ndani ya mji, karibu na mahali ambapo baadaye pangejengwa kituo cha Reli ya Kati. Reli ilianza kujengwa mwaka 1905, na hivyo wagonjwa wa Sewa Haji wakawa majirani wa makaa ya mawe, filimbi na moshi, wakati wagonjwa wa ufukweni wakisikia mawimbi.

Watu wengi wanaosimulia historia ya ujenzi wa Dar es Salaam huanzia Ocean Road na kuruka moja kwa moja hadi Muhimbili. Hilo ni pengo la kusikitisha. Kwa zaidi ya nusu karne, idadi kubwa ya wakazi wa mji huu waliolazwa hospitalini walilazwa Sewa Haji. Hapo ndipo wafanyakazi wa bandari, wapishi, mafundi na akina mama wa Kariakoo walipoijua wodi kwa mara ya kwanza, pamoja na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu na sheria ya kutolala na mwanao. Jengo la fahari lililohudumia wachache lipo. Jengo la kawaida lililohudumia wengi limevunjwa. Historia ya usanifu wa majengo ikiandikwa kwa kutazama yaliyosalia tu, itaendelea kuwa historia ya wale waliojengewa vizuri.

Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, mgawanyo ulioanzishwa na kanuni za ujenzi za Wajerumani ulikazwa zaidi. Mji ukawa na kanda tatu: ya kwanza Uzunguni, ufukweni mashariki, ya pili Uhindini, katikati, ya tatu mitaa ya Waafrika pamoja na Kariakoo, ambayo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa wazi, Mnazi Mmoja. Madaktari wa serikali walikuwa na hoja yao: mbu hubeba vimelea kutoka kwa walio navyo kwenda kwa wasio navyo, kwa hiyo usalama wa Mzungu ni kulala mbali na mtoto wa Kiafrika. Ugunduzi wa Ross na vipimo vya Koch, ambavyo vingeweza kumfanya kila mtu apewe chandarua na kwinini, viligeuzwa kuwa ramani ya ubaguzi. Hospitali zikafuata ramani hiyo. Ocean Road ilibaki Uzunguni, mahali upepo unapofikia kwanza kabla haujapita juu ya paa lolote. Ulipofika kwa wengine ulikuwa umekwisha kupita katika nyumba na jikoni za mji mzima.

Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb, uliutaja upepo waziwazi. Uliweka maeneo marefu ya wazi yatakayokuwa njia za upepo wa baharini kuingia katikati ya makazi. Kwa afya lilikuwa wazo jema, na laiti lingelindwa, mitaa mingi ya leo ingepumua. Lakini njia hizohizo zilifuata mipaka ya rangi, zikawa zinatenganisha huku zikipoza. Baadaye, uhaba wa viwanja ulipozidi, sehemu nyingi za wazi zilimezwa na majengo.

Katika hali hiyo ndipo ilipojengwa hospitali kubwa kuliko zote zilizotangulia. Mahali palipochaguliwa ni Muhimbili, ukingo wa magharibi wa Upanga, juu ya bonde la Msimbazi. Ilifunguliwa Oktoba 1956 na Princess Margaret wa Uingereza wakati wa ziara yake ya Afrika Mashariki, ikapewa jina lake, na huduma za Sewa Haji zikahamishiwa huko. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 mjini. Kwa idadi hiyo, hospitali mpya ilionekana kuwa kubwa ajabu.

Muhimbili ya miaka hiyo ilikuwa ya zege. Wodi zilipandishwa juu kwa orofa badala ya kutawanywa bustanini, na majengo yaliunganishwa kwa vijia vilivyoezekwa ili machela ipite bila kulowa. Wasanifu wa Kiingereza waliofanya kazi katika makoloni walikuwa wakati huo wameigeuza hali ya hewa kuwa elimu yenye vipimo. Kitabu cha Maxwell Fry na Jane Drew kuhusu ujenzi katika nchi za joto na unyevu kilitoka mwaka huohuo wa 1956. Elimu hiyo ilifundisha mambo machache yenye nguvu. Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge kuta fupi tu. Jengo liwe jembamba, upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Juu ya madirisha kuwe na vivuli vya zege, na chini ya dari matundu ya kutolea joto. Kuba na matao havikuhitajika tena. Uzuri ulitafutwa katika mistari ya vivuli ukutani. Ubora wa kazi hiyo unastahili kusifiwa bila kusita, kwa sababu kwa mara ya kwanza mgonjwa maskini wa Dar es Salaam alijengewa wodi ambayo mchoraji alikaa na kuufikiria upepo wake.

Baada ya uhuru hospitali ilichukua jina la mahali, Muhimbili, na majina ya watu wa nchi yakaingia kwenye milango ya wodi. Jina la Sewahaji lilihamia huko na bado linatamkwa kila siku na watu wanaouliza ndugu yao amelazwa wapi. Jirani yake ni Kibasila, jina linalomkumbusha kiongozi wa Wazaramo katika Vita vya Maji Maji. Mfanyabiashara aliyejenga chini ya Wajerumani na mpiganaji aliyenyongwa nao wanahudumia wagonjwa bega kwa bega. Chuo cha udaktari kilianza hapo mwaka 1963, na mwaka 1976 hospitali na kitivo cha tiba viliunganishwa kuwa kituo kimoja. Ocean Road nayo ilifunguliwa kwa wote, ikawa kwa miaka mingi hospitali ya wazazi, hata kuna kizazi kizima cha watu wa Dar es Salaam waliovuta pumzi yao ya kwanza katika upepo uliowahi kukatazwa kwa babu zao. Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1964, ilijengwa kwenye pwani hiyohiyo.

Ubaguzi wa rangi ulipoondoka, daraja la malipo lilikaa kwenye kiti chake. Chumba cha peke yako, chenye dirisha lako na feni yako, kiliendelea kuwapo kwa anayemudu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilielekeza nguvu zake vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwa kuwa Watanzania wengi waliishi huko, lakini mji nao haukuacha kukua. Ilala, Mwananyamala na Temeke zilihudumiwa na vituo vilivyoanza vikiwa vidogo, vikaongezwa chumba baada ya chumba hadi vikawa hospitali, na hatimaye hospitali za rufaa za mkoa. Majengo ya namna hiyo hayana mchoro mmoja. Ukumbi unageuzwa wodi, ua unajengwa maabara, dirisha linazibwa na ukuta wa chumba kipya cha dawa. Kila nyongeza ilikuwa na sababu nzuri, na kila nyongeza iliiba kipande cha hewa cha jengo lililotangulia. Katika miaka ya 1990 mradi wa afya ya mji uliosaidiwa na Uswisi ulikarabati vituo vingi vya umma, kazi ambayo wafanyakazi wa afya wa wakati ule wanaikumbuka kwa shukrani.

Msongamano ndio uliobadilisha majengo kuliko mchoraji yeyote. Wodi iliyopangwa kitanda kati ya dirisha na dirisha ilipokea vitanda katikati ya njia, kisha magodoro chini ya vitanda, kisha wagonjwa wawili kitanda kimoja, wamelala mzungu wa nne. Baraza ya kupunga upepo ikawa wodi ya ziada. Hesabu ya Nightingale ya hewa kwa kila mgonjwa haiwezi kustahimili hali hiyo: chumba ni kilekile, madirisha ni yaleyale, pumzi zimeongezeka maradufu.

Kuna kundi jingine ambalo michoro yote, tangu ya Wajerumani hadi ya leo, haikulipa nafasi. Ni wauguzaji, yaani ndugu wa mgonjwa. Hospitali ya Ulaya ilijengwa kwa kudhani kwamba mgonjwa akishaingia wodini anakuwa mikononi mwa wauguzi, na ndugu huja kumtazama kwa saa zilizopangwa. Desturi ya hapa ni nyingine. Ndugu huleta uji asubuhi na chakula mchana, hufua shuka na kanga, hukimbilia dawa ambayo duka la hospitali halina, humgeuza mgonjwa asipate vidonda, na usiku hubaki karibu kwa sababu lolote laweza kutokea. Hospitali isingeweza kwenda bila kazi yao. Na bado mahali pao ni chini ya mti, kwenye ngazi, pembeni mwa kijia, au nje ya geti wakisubiri saa ya kuona wagonjwa ifike. Hospitali nyingi za misheni za vijijini zilikubali ukweli huu mapema na kujenga jiko la ndugu na kibanda cha kulala. Mjini, ambako ardhi ina bei na uzio una mlinzi, ukweli huo uliachwa nje ya ramani. Kasoro hii ni kubwa kuliko dirisha lolote lililozibwa. Jengo linalohesabu vitanda peke yake linahesabu nusu tu ya watu watakaolitumia.

Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na mabadiliko ya mwaka 1991 yakaziruhusu tena. Matokeo yake katika sura ya mji yalionekana haraka. Nyumba za kuishi za Upanga, Kinondoni na Kariakoo zilibadilishwa kuwa hospitali: sebule ikawa mapokezi, chumba cha watoto kikawa maabara, gereji ikawa duka la dawa. Nyumba hizo zilipata huduma ya hewa kutoka kwa kiyoyozi cha ukutani. Kifaa hiki kinahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi hudhani kinaleta hewa mpya. Kiyoyozi cha kawaida huvuta hewa iliyomo chumbani, huipoza na kuirudisha humohumo. Chumba cha mapokezi kilichofungwa madirisha ili ubaridi usitoke kinawapa watu ishirini wanaokohoa hewa ileile, ikiwa baridi.

Wakati huohuo tiba yenyewe ilianza kudai vyumba visivyo na upepo kabisa. Ocean Road ndiyo mfano mkubwa. Tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani kwa mujibu wa sheria, na mashine za mionzi haziwezi kukaa kwenye chumba cha baraza na matao. Zinahitaji chumba chenye kuta za zege zenye unene unaozidi mita 1, mlango mzito, na njia ya kuingilia iliyopinda ili mionzi isitoke moja kwa moja. Kwa hiyo nyuma na pembeni mwa jengo la mwaka 1897 vimesimama vyumba vya kuta nene visivyo na dirisha, vilivyojengwa kwa sababu tofauti kabisa. Muhimbili nako, Taasisi ya Mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015 zina vyumba vya upasuaji ambamo hewa huchujwa, husukumwa kwa mashine na kupimwa. Upasuaji wa moyo hauwezi kufanywa kwa kutegemea kaskazi.

Mloganzila, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kuzinduliwa Novemba 2017 ikiwa na vitanda 571, ni ya kizazi hiki: jengo moja kubwa la mitambo, lililoletwa zaidi ya kilomita 20 kutoka baharini, upande wa Kibamba. Kwa mara ya kwanza hospitali kuu ya mji imejengwa bila kuitegemea bahari kwa lolote. Inategemea umeme. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, jengo la namna hiyo halina baraza ya kukimbilia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na mji wa ukubwa huo usingeweza kuendelea kuhudumiwa na eneo la Upanga peke yake; kwa hiyo kuhamia magharibi kulikuwa na maana. Swali lililobaki ni kama wodi za kawaida, ambamo watu hulala na kupona taratibu, zilihitaji kufungwa sawa na vyumba vya upasuaji.

Jibu la kitaalamu kwa swali hilo lipo, na lilitoka Peru. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa walivyofanya katika vyumba 70 vya hospitali nane za Lima, wakitafuta namna ya kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Vyumba vya majengo ya zamani, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yake mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Vyumba vya majengo mapya vilibadilisha mara 17. Na vile vilivyotegemea mitambo vilikadiriwa mara 12. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa upepo wa asili katika hospitali, likipendekeza lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika vyumba vya maradhi yanayoenea kwa hewa, na lita 60 katika wodi za kawaida. Ugonjwa wa korona ulipofika mwaka 2020, watu duniani kote walikumbushwa kufungua madirisha. Wajenzi wa mwaka 1897 walikosea juu ya malaria. Juu ya kifua kikuu, bila kujua, walijenga vizuri. Wodi ndefu ya madirisha yanayotazamana, ambayo wasanifu wengi waliihesabu kuwa kitu cha makumbusho, imerudi kuwa kipimo ambacho wodi mpya zinapaswa kufikia.

Kwa sababu hiyo utunzaji wa majengo ya zamani ni kazi ya afya kama ilivyo kazi ya historia. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa bahari na kuutoa tena jua likiwaka. Zikipigwa lipu ya saruji, ambayo ndiyo njia rahisi na ndiyo inayotumika mara nyingi, unyevu na chumvi hukwama ndani, rangi huvimba na kubanduka, na mihimili ya chuma hushika kutu na kupasua dari. Mafundi wanaojua kuloweka chokaa na kuiacha iive kabla ya kuipaka bado wapo, hasa Zanzibar, ambako ukarabati wa Mji Mkongwe umewapa kazi ya kudumu. Zahanati ya kale iliyoanzishwa na Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa, iliokolewa na mafundi wa aina hiyo katika miaka ya 1990, lakini ikaokolewa bila wagonjwa, ikapewa matumizi mengine. Ocean Road haina nafasi hiyo. Inapokea watu wa saratani kutoka kila mkoa wa nchi, na fundi yeyote atakayepanda jukwaa kubandua saruji na kurudisha chokaa atalazimika kufanya kazi upande mmoja baada ya mwingine, huku upande wa pili wagonjwa wakiendelea kuingia kwa zamu yao ya mionzi.